Rubani mpya anauliza: nifanye nini ndege isiniache nyuma?

Swali: Shikamoo Kapteni. Nilisomea urubani pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, nikapata leseni ya biashara, na sasa nimeajiriwa kuwa rubani msaidizi wa Dash 8 Q400, ndege ya abiria yenye rafadha mbili. Simyuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, nimeimaliza, ingawa zoezi moja nililirudia. Mwezi ujao naanza safari za abiria kutoka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, nikiwa na kapteni mwalimu. Kwenye Cessna, ndege ndogo ya mafunzo, nilijiamini kabisa, lakini kwenye simyuleta nilikuwa nakimbizana na ndege mwanzo hadi mwisho. Nifanye nini? Tena mimi nimelelewa Mombasa, na kwetu mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Nikiona kapteni anakosea, nitaanzia wapi? Na je, nimwambie mwalimu kuhusu lile zoezi nililorudia? (Binti wa South C, Nairobi)

Jibu: Marahaba binti, na hongera. Najua gharama ya leseni hiyo, na najua ni wangapi walioanza pamoja nawe ambao mpaka leo wanasubiri simu.

Pengine unatarajia nikwambie ufanye mazoezi zaidi ya kutua. Kutua utajifunza, na mwalimu wako atakuwa na subira nako kuliko unavyodhani. Mikono yako imeshapimwa ikaonekana inatosha, la sivyo usingefika simyuleta. Kinachokutesa ni muda. Ukija kutua Wilson na Cessna 172 kwa kasi ya noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa), maili tano za baharini za mwisho hukuchukua zaidi ya dakika 4. Unapata nafasi ya kuangalia soksi ya upepo, kurekebisha miwani ya jua, hata kujiuliza kama umekula. Q400 inakuja kwa noti 125 hivi, na maili zile zile tano zinakwisha kwa dakika 2 na kidogo, huku kazi imeongezeka maradufu: flapu (vibao vya mabawa vinavyoongeza uwezo wa kuelea), magurudumu, redio, orodha ya ukaguzi, na mtu wa pili anayesubiri umjibu. Huwezi kuifanya kazi hiyo haraka zaidi. Unachoweza ni kuitoa kwenye hizo dakika mbili na kuifanya mapema.

Chukua safari ya Kisumu. Haifiki kilomita 300. Mnapaa, mnavuka Bonde la Ufa, mnakaa juu kitambo kidogo, mnaanza kushuka. Rubani msaidizi anayesubiri mpaka ndege itulie juu ndipo atafute hali ya hewa ya Kisumu, achague njia ya kushukia na kuandaa maelezo ya kutua, huyo ameshachelewa kabla hajaanza. Mambo hayo yafanye ukiwa umekaa chini JKIA, wakati mizigo inapakiwa. Ramani ya Kisumu uwe umeifungua, masafa ya redio umeyaandika, njia ya kurukia unayoitarajia umeitaja, na ile ya pili pia endapo upepo utageuka. Juu utabaki na kazi ya kuthibitisha tu. Mombasa ni mbali zaidi, itakupa pumzi, ndiyo maana walimu wengi hupenda kuanza na Mombasa.

Halafu jifunze hesabu mbili za kichwani mpaka zikutoke bila kufikiri. Ya kwanza: kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili 3. Ukiwa futi 21,000 unaelekea Mombasa, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, unahitaji maili 63, na chache za kuongeza kwa ajili ya kupunguza kasi. Ukirudi Nairobi ukiwa futi 20,000, uwanja wa JKIA wenyewe uko futi 5,330, kwa hiyo kilichobaki cha kushuka ni kama 14,700, yaani maili 44. Marubani waliosomea hapa Nairobi wana ugonjwa mmoja: vichwani mwao ardhi iko futi 5,000 daima. Wakienda Pwani kwa mara za kwanza wanajikuta juu mno, maili 15 za kushuka zimepotea, na kapteni anawatazama kwa pembeni. Wewe ni mtoto wa Mombasa, itakuwa aibu maradufu.

Ya pili: kasi yako juu ya ardhi ukiizidisha kwa 5 inakupa futi za kushuka kwa dakika kwenye mteremko wa kawaida wa nyuzi 3. Noti 140 ni futi 700. Na hapa Nairobi ina mtego. Hewa yetu ni nyepesi, hivyo noti 125 unazoziona kwenye kipimo ni karibu 138 kwa kweli. Mombasa utashuka kwa futi 625 kwa dakika, Nairobi karibu 700, na kipimo cha kasi kinasoma vile vile. Usipolijua hilo utahisi ndege inakuvuta chini na utaanza kupigana nayo.

Nikae kidogo kwenye hewa hii nyepesi, kwa sababu hapo ndipo wewe wa Wilson una mtaji ambao mwenzako aliyesomea Florida hana. Wilson iko futi 5,536. Umeona mwenyewe 172 yenye watu watatu ikijikokota mchana wa Februari, milima ya Ngong iko mbele na inazidi kukaribia. Jua likifikisha nyuzi joto 25, hewa ya JKIA inafanya kazi kama ile ya futi 7,800 hivi. Q400 ina injini zenye nguvu, na njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, basi ni rahisi mtu kusahau. Lakini matairi hayasahau: unagusa ardhi ukiwa na kasi ya kweli kubwa kwa kama sehemu moja ya kumi, na nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Ukienda Eldoret, ambako ni juu zaidi, kumbuka hili mara mbili.

Tarehe 20 Novemba 1974 Boeing 747 ya Lufthansa ilipaa kutoka uwanja huu huu, wakati huo ukiitwa Embakasi, ikiwa na watu 157. Flapu za ukingo wa mbele wa mabawa hazikuwa zimefunguka, kwa kuwa vali za hewa inayoziendesha zilikuwa zimeachwa zimefungwa. Ndege iliinuka kidogo, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Watu 59 walikufa. Marubani wale walikuwa watu wazima wa kazi, na orodha ya ukaguzi walikuwa nayo. Boeing baadaye iliongeza onyo la kumwambia rubani kwamba flapu hizo hazijafunguka, lakini ndege yako ina swichi nyingi ambazo hazina onyo la namna hiyo. Onyo lake ni macho yako.

Kwa hiyo, habari ya mpangilio wa mikono. Tafuta picha ya chumba cha marubani cha Q400, kubwa kadiri utakavyoweza kuchapisha pale River Road, ibandike ukutani South C, uweke kiti mbele yake. Kila jioni pitia swichi kwa mpangilio wake, mkono ukigusa karatasi, mdomo ukitaja kwa sauti. Jirani atadhani umerukwa na akili, mwache. Mtoto wa madrasa aliyeihifadhi juzuu yake vizuri, ukimkatiza huendelea pale alipoachia. Mpangilio wako uhifadhi hivyo hivyo, ila kwenye orodha ya ukaguzi yenyewe fanya kinyume: ukikatizwa katikati na afisa wa mizigo au na redio, rudi mwanzo wa orodha. Ni sekunde chache. Na usisome jibu kutoka kichwani. Macho yaende kwenye swichi kwanza, jibu lifuate.

Juu ya kutua kwenyewe nitasema machache tu. Q400 ina mkia mrefu. Kwenye Cessna ulizoea kuondoa nguvu zote na kuvuta pua taratibu mpaka magurudumu yaguse. Ukifanya hivyo huku, rafadha zile kubwa zinageuka breki, ndege inazama, wewe unavuta pua zaidi, na mkia unakwenda kutafuta lami. Beba nguvu kidogo mpaka karibu na ardhi, pua uiinue kwa kiasi, kubali kutua kwa kishindo kidogo. Abiria akinung'unika, mwache anung'unike.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyouliza.

Kampuni imekuajiri uwe macho ya pili. Nusu ya safari zako hutashika usukani kabisa, utakuwa unafuatilia, na marubani wapya wengi huiona nusu hiyo kama wakati wa kupumzika. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways safari nambari 507, Boeing 737-800, ilipaa kutoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi. Watu wote 114 walifariki, Mungu awarehemu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulieleza kwamba kapteni alitamka kuwa otopailoti ishike, lakini haikushika, na hakuna aliyethibitisha. Nje ilikuwa giza tupu. Ndege ilianza kulalia kulia polepole, vipimo vikionyesha, na hakuna aliyekuwa akivitazama mpaka onyo lilipolia. Ripoti ilitaja pia kukosekana kwa ushirikiano baina ya marubani wawili. Nairobi wengi wetu tulimjua mtu aliyekuwa kwenye ndege ile, au tulimjua anayemjua. Kila mara ninapofundisha mtu mpya narudi kwenye jambo moja dogo la usiku ule: neno lilitamkwa, na halikujibiwa.

Kwa hiyo anza hapo. Kapteni akisema otopailoti imeshika, usijibu mpaka umeiona taa au maandishi kwenye skrini. Ukiona, taja ulichokiona. Usipoona, taja kwamba huoni. Hilo si kumsahihisha mkubwa. Kampuni imekuandikia ulitamke, kama ilivyomwandikia yeye, na kapteni mwenye akili hulisubiri neno lako kama dereva wa usiku anavyotaka abiria wa mbele asilale.

Umesema kwenu mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Vizuri, mlango wa chumba cha marubani umefungwa, watu hakuna. Mko wawili, na mwenzako amekukabidhi roho yake kwa sababu yako mambo mengi asiyoyaona. Lakini najua adabu haivuliwi kwa hoja, ndiyo maana nakupa maneno. Kwanza taja namba, bila maoni: "Kapteni, kasi imepungua kwa kumi." Namba haina kiburi. Asipobadilisha kitu, sema unachotaka kifanyike: "Kapteni, hatujatulia, tughairi kutua." Akinyamaza tena, hapo hakuna tena mazungumzo. Rubani asiyejibu mara mbili huenda amezidiwa au ni mgonjwa, na unachukua ndege. Kampuni nyingi huandika kwamba rubani yeyote kati ya wawili akiamuru kupaa tena, anayerusha lazima apae. Tafuta ukurasa huo kwenye kitabu cha kampuni yako kabla ya siku ya kwanza, na uusome mpaka uamini kwamba umeandikiwa wewe.

Weka pia namba za mlango. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba ndege iwe imetulia, kasi sawa, flapu na magurudumu chini, inapofika futi 1,000 juu ya uwanja mkiwa kwenye mawingu, au futi 500 kukiwa kweupe. Kwa JKIA hiyo ni 6,330 na 5,830 kwenye kipimo cha mwinuko. Ziandike, uzitaje kwa sauti kwenye maelezo ya kutua. Zikifika na ndege haijatulia, aliyeamua kughairi ni ile namba mliyokubaliana mkiwa juu, mkinywa chai.

Mnaongea Kiingereza humo ndani kwa sababu vitabu na amri zote ni za Kiingereza, na iwe hivyo. Lakini ukiona mlima na Kiingereza kimekukauka, sema Kiswahili, sema Kigiriama, piga kelele.

Redio nayo ina lake. Septemba 1974, miezi miwili na ushei kabla ya ajali ya Lufthansa, 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuja Nairobi. Waongoza ndege waliiruhusu ishuke hadi futi 7,500, marubani wakaelewa 5,000. Uwanja uko 5,330! Walikuwa wakishuka kuelekea mwinuko ulio chini ya ardhi yenyewe, na walitoka kwenye mawingu wakaiona nchi na kuvuta juu wakiwa wamebakiza futi 70 hivi. Hii ndiyo faida ya kuujua uwanja wako kwa moyo. Namba isiyowezekana ikuchome sikio kabla haijaingia kwenye ndege. Ukiwa na shaka, uliza mnara tena. Kumsumbua mwongoza ndege hakugharimu kitu.

Kuna kanuni ya kutozungumza porojo chini ya futi 10,000, iliyoanzia Marekani mwaka 1981. Hapa ukiihesabu kutoka usawa wa bahari unabakiwa na futi 4,670 tu za ukimya juu ya JKIA, na dakika hizo ni chache mno. Kampuni nyingine huihesabu kutoka kwenye uwanja. Muulize mwalimu yenu inahesabu vipi, na hata kama inahesabu kutoka baharini, wewe nyamaza mapema.

Hali ya hewa: ulipokuwa mwanafunzi, mvua ikija mlibaki klabuni. Sasa mtaondoka. Julai na Agosti mawingu mazito ya asubuhi hulala juu ya Nairobi mpaka saa nne au tano, na mafuta ya kuzunguka kuyasubiri lazima yawe kwenye hesabu kabla hamjaondoka Mombasa. Kisumu ya alasiri nayo si Kisumu ya asubuhi, ziwa lile hupika radi zake. Rada ya hali ya hewa ujifunze kuizungusha juu na chini, maana wengi huiwasha wakaiacha inatazama mahali pamoja, ikawa inatazama vilele vya mawingu vyenye barafu, ambavyo havirudishi picha vizuri, wakadhani njia ni safi.

Mambo ya nyumbani nayapitia haraka. Safari ya saa kumi na mbili asubuhi inaanza usiku uliopita: lala. Kutoka South C hadi JKIA si mbali, lakini Mombasa Road ikifunga imefunga, basi weka akiba ya pesa ya Expressway, ile barabara ya kulipia, na usihesabu dakika zako kwa kubahatisha. Mshahara wa kwanza ukiingia, kamati za harusi zitakupata kabla yako. Mkopo wa shule kwanza, gari baadaye. Na ukiwa umechoka au una mafua yanayokuziba masikio, sema huendi. Mwaka wa kwanza kila mtu anaogopa kusema hivyo, na ndio mwaka anaougua zaidi.

Safari za mwanzo utakuwa na rubani wa tatu nyuma yenu kwa usalama, kampuni nyingi hufanya hivyo. Asikubabaishe. Baada ya kila safari muulize mwalimu jambo moja tu la kurekebisha kesho, kisha uliandike. Akikupa kumi, chagua moja na umwambie umelichagua lipi. Mwalimu mzuri atafurahi, na mbaya utamjua hapo hapo.

Kuhusu zoezi ulilorudia: mwambie siku ya kwanza, kabla hamjatembea kwenda kwenye ndege. Faili lako ameshalisoma, kwa hiyo humpi habari mpya. Unachompa ni kile ambacho faili halina: ulikwama wapi hasa, kwenye kasi, kwenye redio, au injini moja ilipozimwa? Mwambie kwa sentensi moja, bila kujitetea na bila kumlaumu mwalimu wa kule. Akijua ulichokwama ataanza kukuangalia hapo, na atakupa usukani mapema kwenye safari tulivu za Mombasa badala ya kungoja siku ya mvua. Kitabu chako cha saa kiwe kimejazwa mpaka safari ya mwisho ya simyuleta, kwa wino, na leseni pamoja na cheti cha afya viwe humo ndani. Atavitaka kabla hajakuuliza jina lako.